Mwalimu Lenah Nerima na Diski Iliyokataa Kuamsha Kompyuta

Ijumaa, 26 Novemba 1999. Kumepambazuka na manyunyu, ubaridi kidogo, na mawingu mazito upande wa Donholm. Leo ndiyo siku ya mwisho ya Mwalimu Lenah Nerima katika Kituo cha Mafunzo ya Ofisi hapa Mbotela. Amekitumikia kituo hiki kwa miaka ishirini na minane. Mwezi uliopita alitimiza umri wa miaka hamsini na mitano, na kanuni ya kustaafu haikumsaza.

Mimi ni karani wa masjala, na kati ya meza yangu na darasa lake kuna ukuta wa mbao tu. Yote aliyofundisha tangu niajiriwe nimeyasikia, pamoja na yale aliyokusudia yasikiwe na wanafunzi peke yao. Nadhani ndiyo maana kamati ya kumuaga ilinipa kazi ya kuandika wasifu huu.

Mwalimu Lenah alizaliwa Kimilili. Alisomea uhazili hapa mjini, akaolewa na Bw. Laban, fundi wa reli ambaye wengi wetu tunamjua kwa kofia yake ya manyoya, na wakaanza maisha katika nyumba ya baraza la jiji papa hapa Mbotela. Baadaye walihamia Donholm. Wana watoto wanne. Kifungua mimba ni Everline, na majirani hawamwiti Mwalimu kwa jina lingine ila Mama Everline.

Alipoanza kazi mwaka wa 1971, kituo kilikuwa na taipureta tisa na paa lililovuja juu ya ile ya tisa. Shida ya kila anayejifunza kupiga chapa ni ile ile: anataka kuona vidole vyake. Walimu wengine walibandika karatasi juu ya herufi. Mwalimu Lenah alifuma vitambaa. Kila kitambaa kilikuwa na utepe wa kufunga shingoni, kikashuka mbele ya mwanafunzi na kufunika mikono yake pamoja na herufi zote.

"Mwalimu, mimi najiona kama mtoto anayelishwa uji," kijana mmoja kutoka Baba Dogo alilalamika siku yake ya kwanza.

"Basi kula," alimjibu. "Uji wenyewe ndio huu: A, S, D, F."

Kijana yule alikula. Leo ni katibu mahsusi katika ofisi moja kubwa Industrial Area, na ametutumia salamu zitakazosomwa baadaye.

Vitambaa havikuishia kwenye mikono. Nyuma yetu kuna vibanda vya maseremala na wachonga vinyago, na unga wa mbao huingia hata mahali ambapo hewa yenyewe haifiki. Kwa hiyo Mwalimu alifumia kila taipureta vazi lake, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya kuivika mashine yake. "Nani amemwacha huyu uchi?" ungesikia akiuliza jioni, na mtu angerudi mbio kutoka barabarani. Tulicheka, lakini taipureta zetu ziliishi kupita umri wa taipureta, na fundi aliyekuja kuzihudumia alisema hajaona mashine safi kama hizo upande huu wa Jogoo Road.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na wafadhili wa kanisa mwaka wa 1992. Ilikaa ndani ya sanduku lake wiki nzima kwa sababu kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuiharibu. Aliyelifungua sanduku ni Mwalimu Lenah. Alikuwa amefundisha taipureta zaidi ya miaka ishirini na angeweza kusema kompyuta ni mambo ya vijana. Badala yake alijiandikisha masomo ya jioni mjini, akawa anakaa safu ya mbele na watoto wenye umri wa Everline, akiuliza maswali hadi mhadhiri atafute kiti. Kabla ya Krismasi alikuwa anafundisha. Kabla ya Krismasi, pia, kompyuta ilikuwa na vazi.

Miaka minne baadaye tulimpata Gordon Makau, fundi wetu wa kompyuta, mtu mpole anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Yeye na Mwalimu walielewana tangu siku ya kwanza. Gordon anajua yaliyomo ndani ya mashine. Mwalimu anajua kuuliza swali moja, kungoja jibu lake, ndipo aulize la pili. Kwa pamoja wamefufua vitu vingi katika jengo hili, ukiwemo mlango wa choo cha wageni.

Ningeweza kujaza kurasa kwa vituko vyao. Lakini kuna wiki moja ya mwezi wa Mei mwaka huu ambayo nataka ibaki kwenye maandishi.

Mwishoni mwa Aprili virusi viliingia kwenye kompyuta zetu, tunadhani kupitia disketi ya mwanafunzi, na asubuhi moja tukakuta mashine zote za darasani zimefutika. Taa ziliwaka, mashine zikanguruma, kisha skrini zikabaki nyeusi zikiwa na mstari mmoja wa Kiingereza wa kuomba radhi. Kompyuta ya ofisini peke yake ilisalimika kwa kuwa haikuwashwa siku ile.

Mtihani wa vitendo ulikuwa Jumatatu, tarehe 24 Mei. Tukiukosa, msimamizi mwingine hangetumwa kwetu hadi Desemba. Katika darasa hilo alikuwamo Mbinya, anayefanya kazi katika kiwanda cha plastiki Baba Dogo. Alikuwa akipanga ndoo na kufunga maboksi kwa zamu, na meneja wake alikuwa amemwahidi kazi ya karani wa stoo akileta cheti kabla ya Septemba. Baada ya hapo wangetafuta mtu kutoka nje. Mbinya anawalea wadogo zake wawili, na kwa zamu za usiku alikuwa akiwaacha wamejifungia ndani peke yao. Kazi ya stoo ni ya mchana.

Habari zilipomfikia alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akiwa bado amefunga leso kichwani.

"Mwalimu, nimeskia mashine zimekufa. Ni ukweli?"

"Hazijafa. Zimesahau."

"Na zitakumbuka lini?"

"Kabla ya Jumatatu ya mtihani. Wewe njoo ufanye mazoezi kwa taipureta, vidole visikae bure."

"Na zisipokumbuka?"

"Mbinya, nimekwambia kabla ya Jumatatu."

Alipotoa ahadi hiyo hakuwa na kitu chochote mkononi cha kuitimizia.

Ofisi ya wafadhili mjini ilituandalia faili moja kubwa, ikatufikia wiki ya mwisho kabisa. Faili hiyo ilikuwa picha kamili ya diski ya kuamshia. Kuamsha, kwa lugha ya darasa letu, ni kuifanya kompyuta isiyo na kitu ndani ianze kazi kutoka kwenye diski, zile diski nyembamba zinazong'aa kama kioo. Diski moja nzuri ingetosha. Ingeingizwa katika kompyuta moja, iijaze upya, kisha ihamie nyingine. Tulikuwa na mashine ya kuchomea diski, kisanduku chenye ukubwa wa kopo la biskuti, kando ya kompyuta ya ofisini. Tulikuwa na pakiti moja ya diski kumi tupu. Diski ikichomwa vibaya haifutiki wala hairudiwi, na pakiti ya pili haikuwepo.

Juu ya kisanduku hicho palikuwa na kitambaa kipya. Mwalimu alikifuma saa za chakula cha mchana, pale kwenye benchi mbele ya macho yetu sote, akakimaliza wakati wa Pasaka: uzi mnene wa zambarau na mweupe, rangi za kituo, na jina la kituo limefumwa ukingoni. Hakuna aliyesema, lakini sote tulijua kwamba ndicho kitambaa chake cha mwisho hapa. Na kwa kuwa jirani zetu hupiga randa mchana kutwa, alihakikisha kisanduku kimefunikwa vizuri hasa kinapochoma, ili punje ya vumbi isipenye.

Diski ikichomwa, kituo kizima kilinyamaza. Kompyuta inayochoma haitaki kusumbuliwa. Ukiigusa katikati ya kazi, diski inaharibika. Mwalimu alilichukua agizo hilo la Gordon na kulifanya sheria ya nyumba. Milango ilifungwa kwa vidole viwili. Wanafunzi walichungulia dirishani.

"Mathee, leo tunachoma mbuzi ama kuku?"

"Nitawachoma nyinyi. Tokeni hapo."

Diski ya kwanza ilitoka, Gordon akaiingiza katika kompyuta ya darasani, na skrini ikabaki nyeusi. Mwalimu hakushtuka. Alirudi nayo ofisini, akaifungua, akatazama kilichomo. Ndani mlikuwa na kitu kimoja tu: ile faili kubwa, nzima nzima, vile vile ilivyokuja.

"Gordon," alisema, "umewapa unga. Hawa wanataka ugali."

Gordon alijipiga kofi kwenye paji la uso. Alikuwa ameinakili faili kwenye diski kama vile mtu anavyonakili barua, badala ya kuiambia programu iifungue na kuitandaza diski nzima. Wakachoma nyingine, safari hii wakichagua amri inayofaa. Hiyo nayo haikuamsha kitu. Sasa kosa halikuwa la diski. Kompyuta za darasani zilikuwa zimepangwa zitafute uhai kwanza kwenye disketi, halafu kwenye kumbukumbu yao ya ndani, na hakuna aliyeziambia zitazame diski. Mwalimu na Gordon wakapita mashine kwa mashine, wakibonyeza kitufe kabla haijapiga mlio, wakiingia kwenye ukurasa wa mipango na kuiweka diski mbele. Siku nzima ikaishia hapo.

Tulidhani tumemaliza. Diski ile iliamsha kompyuta ya ofisini bila shida. Lakini ilipoingia darasani, mashine zilivuma, zikasoma kidogo, zikakwama. Zote. Walisafisha macho ya mashine kwa pamba na spiriti. Zikakwama. Wakaweka diski ya Biblia iliyonunuliwa dukani, nayo ikasomeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Basi mashine ni nzima, Mwalimu akasema, ni diski tunazochoma ndizo mbovu, ila kompyuta ya ofisini ni mpya na ina macho makali kuliko hizi za darasani. Gordon akashauri wapunguze mwendo wa kuchoma. Kikichoma polepole, alisema, kinaandika kwa kina. Wakapunguza hadi mwendo wa chini kabisa, na hapo ndipo tulipochanganyikiwa, kwa kuwa diski ya polepole ilitoka mbovu kuliko ya haraka. Hata kompyuta ya ofisini iliisoma kwa kusitasita.

Pakiti ilikuwa inakwisha. Alasiri ya Ijumaa zilibaki diski mbili.

Mwalimu aliitisha diski za masomo tulizochoma mwezi wa Januari. Zote zilisomeka darasani bila kukwama.

"Mashine ni ile ile," alisema. "Diski tupu ni za aina ile ile. Za Januari ni nzuri, za sasa ni mbaya. Kuna kitu tumebadilisha hapa katikati. Gordon, ni nini?"

Gordon alitazama kisanduku. Kisha akatazama viatu vyake.

"Sijui, Mwalimu."

Dakika chache baadaye alikuja mezani kwangu, akainama kama mtu anayetafuta peni.

"Ni kitambaa," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Kitambaa gani?"

"Hicho cha zambarau. Nimetoa diski sasa hivi, ina moto kama chapati. Kisanduku kina matundu nyuma na kafeni kadogo ka kutoa joto. Ameziba yote. Na ile kupunguza mwendo ndiyo imetumaliza, maana sasa kinakaa chini ya blanketi saa nzima."

"Si umwambie?"

"Mwambie wewe. Nyinyi ndio mnakunywa chai pamoja."

"Wewe ndiye fundi."

"Mimi ndiye nilimwambia kinapendeza!"

Akajaribu njia nyingine. Mwalimu alipoingia darasani kuwasikiliza waliokuwa wakifanya mazoezi, Gordon alikivua kisanduku kitambaa chake, akakikunja vizuri, akakiweka kando, akaanza kuchoma. Hakikuwa kimefika mbali Mwalimu aliporudi.

"Ala! Nani amemvua huyu, na randa inalia hivi?" Akakichukua kitambaa, akakikung'uta vumbi, akakirudisha mahali pake, akakinyoosha pembe zote nne kwa viganja kama anayetandika kitanda cha mtoto. Gordon alikohoa. Alifungua kinywa. Halafu akasema anaona kama mvua itanyesha.

Diski hiyo iliharibika pia.

Jumamosi Mbinya alifika mapema akitoka zamu ya usiku. Aliketi kwenye benchi la korido, mfuko wa mkate magotini, akisubiri kuona kama mtihani wa Jumatatu upo. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo aliona yote na mimi pia. Mwalimu alikuwa ameitoa diski ya mwisho kwenye pakiti, ameishika kwa kingo, tayari kuiweka.

"Mwalimu," Gordon alisema. "Kabla hujaiweka."

"Ehe?"

"Kitambaa."

"Kimefanya nini?"

"Kinazuia joto. Mashine inapochoma inapata moto, na mahali pa kupumulia ni hapo nyuma. Ikizidi moto, inaandika vibaya. Za Januari... za Januari hazikuwa na kitambaa."

 Mwalimu aliiweka diski chini. Alipitisha mkono nyuma ya kisanduku, akapapasa matundu kupitia uzi aliofuma mwenyewe, kidole kimeingia katikati ya herufi za jina la kituo.

"Umejua tangu lini?"

"Jana alasiri."

"Na ile ya jana jioni?"

"Nilikitoa, Mwalimu. Ukakirudisha."

"Na ukaniambia mvua itanyesha."

"Ndiyo, Mwalimu."

Sijawahi kumsikia Mwalimu Lenah akipaza sauti, na siku ile pia hakuipaza. Lakini alimgeukia Gordon kwa uso ambao wanafunzi wavivu wanaujua vizuri.

"Yule msichana pale nje ana diski moja tu imebaki duniani. Moja. Na wewe unaniogopea kitambaa? Kitambaa nitafuma kingine, Gordon. Mbinya mwingine nitamfuma na nini?"

Gordon alikuwa na machozi karibu. "Ulikuwa unakifuma kila siku, Mwalimu. Tulikuwa tunakuona."

Hapo uso wake ukalegea. Alikivua kitambaa, akakikunja mara nne, akakitia kwenye kikapu chake bila kukitazama. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba sasa kuna shida ya vumbi, akatoka kwenda nyuma kwa maseremala. Mzee Kiilu, mkubwa wao, alikuwa na randa mkononi.

"Bwana Kiilu, naomba msimamishe kazi mpaka nije niwaambie."

"Kuna msiba, Mama Everline?"

"Hakuna msiba. Kuna diski."

"Sijaelewa hata kidogo," alisema Mzee Kiilu, "lakini haya." Na akawanyamazisha watu wake wote, hata aliyekuwa akipiga mluzi.

Diski ya mwisho ilichomwa kisanduku kikiwa wazi, dirisha limefunguliwa, Mwalimu amesimama kando yake mikono nyuma. Mbinya aliingia bila kuitwa akasimama karibu na mlango.  Ilipotoka, Gordon aliishika kwa kidole na kusema ina joto la kikombe cha chai iliyosahaulika. Wakaiacha ipoe kabisa ndipo waipeleke darasani.

Mashine ya kwanza ilivuma. Ikanyamaza. Gordon alifumba macho. Ikavuma tena, na herufi nyeupe zikaanza kupanda kwenye skrini, mstari juu ya mstari.

"Imekumbuka?" Mbinya aliuliza.

"Inakumbuka," Mwalimu alisema. "Msiiharakishe."

Ilipofika mwisho, Mbinya aliinama hapo hapo mlangoni akalia ndani ya leso yake, na Mwalimu akamwambia aende nyumbani akalale kwa kuwa mtihani hautafanywa na mtu anayesinzia. Diski iliendelea kuhama kutoka mashine hadi mashine siku hiyo nzima, na Jumapili baada ya ibada Mwalimu na Gordon walirudi kumalizia zilizosalia. Jumatatu msimamizi alipoingia, darasa lilikuwa tayari. Hakuambiwa kitu, na hakuuliza.

Wakati wa chai siku ile, Mwalimu alimmiminia Gordon kikombe mwenyewe. "Siku nyingine nikikosea," alimwambia, "niambie nikiwa bado nakosea. Usingoje niwe nimemaliza." Gordon amelishika hilo kiasi kwamba sasa anatukosoa sote, na wengine wetu tunaona amezidisha.

Tangu hapo kuna desturi mpya hapa Mbotela. Mashine huvikwa baada ya kuzimwa, na si kabla. Mwalimu mwenyewe alipita kwa kila moja, akipapasa nyuma kutafuta mahali pa kupumulia, na vitambaa vitatu alivifumua na kuvifuma upya vikiwa vifupi. Miezi hii ya mwisho amemfundisha Gordon namna ya kuuliza swali moja na kungoja, na Gordon amemfundisha yeye kuifungua kompyuta kwa bisibisi. Wote wawili wamejifanya kwamba hizo ni shughuli za kawaida tu.

Mwalimu Lenah, waliopita mikononi mwako wako katika ofisi za mji huu mzima, wakipiga chapa bila kutazama vidole. Sisi tuliofanya kazi nawe tumejifunza kutoka kwako kwamba kitu kilichoharibika kinahitaji mtu wa kukaa nacho, na kwamba kukemewa na anayekupenda kunapita haraka. Kwa miaka yote hiyo, kwa subira na kwa ukali wako mdogo, pokea shukrani zetu. Kimilili mnakorudi ikupokee vizuri wewe na Bw. Laban. Mvua ije kwa wakati wake, miguu isikuume, na wajukuu wakuzoee. Milango yetu utaikuta wazi.

Neno la mwisho linamhusu Mbinya. Matokeo ya mtihani yalifika mwezi wa Agosti. Mwalimu aliyapitia akiwa amesimama mlangoni kwangu, akaliona jina alilokuwa analitafuta, akarudisha karatasi, na kutoka hapo akaenda kwa miguu hadi Baba Dogo kumpelekea Mbinya habari yeye mwenyewe. Mbinya yuko stoo tangu Septemba, na jioni yuko nyumbani na wadogo zake. Bw. Laban ametuambia kwamba tangu virusi vile vya Aprili mkewe alikuwa hapati usingizi, akigeuka kitandani na kuhesabu diski. Usiku ule wa Agosti alikula, akavua viatu, akasema atajilaza kidogo tu kabla ya taarifa ya habari. Saa mbili na nusu alikuwa amelala.